Mpe Mtoto Nyundo ya Kweli

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipoanza kuning'ang'ania kila nikitoa mbao na vifaa. Ili atulie, nikamnunulia nyundo na msumeno wa plastiki. Hazikupita dakika kumi akaitupa ile nyundo: "Baba, hii haigongi." Alisema kweli, nami niliona haya. Mtoto anakijua kifaa cha kazi, na anakijua cha kupumbaziwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mpe kifaa cha kweli kinachoendana na mkono wake. Nyundo ya gramu 200 hadi 250 yenye mpini mfupi inamtosha. Ya fundi, ya gramu 500, itamchosha haraka, na mtoto akishachoka ndipo anapojigonga. Misumari iwe mifupi, ya sentimita tatu hivi, yenye kichwa kipana. Ubao uwe laini, kama wa msonobari. Ukimpa mbao ngumu, msumari utapinda kila mara na atakata tamaa siku ya kwanza.

Halafu usikimbilie kutengeneza kitu. Mpe kipande kinene cha ubao agongelee misumari, basi. Mimi naugonga msumari kidogo mpaka usimame wenyewe, yeye anamalizia. Akizoea, mpe kibanio cha nguo ashikie msumari, vidole vikae mbali. Mara ya kwanza binti yangu alipoupigilia msumari mpaka kichwa kikalala sawa na ubao, alipitisha kidole juu yake mara tatu au nne, kimya, kama anayetafuta ulikopotelea.

Msasa hata mtoto wa miaka mitatu anauweza. Uzungushie kwenye kijibao kidogo ili apate pa kushika. Anza na namba 80 ambao ni mkali, kisha 120, umalizie na 220. Mfundishe kufuata nyuzi za ubao, asizikate. Kila mkimaliza namba moja, mwambie afumbe macho aupapase. Kwangu huu ndio mchezo wanaoupenda kuliko yote, na ndio unaowafunza subira bila mimi kuitaja subira.

Msumeno niliuchelewesha mpaka alipofikisha miaka sita. Kanuni yangu hapo haina mjadala: ubao unabanwa kwa jiliwa au klampu, na mikono yote miwili inakaa kwenye mpini. Mkono usiokuwepo mbele ya meno haukatwi. Misumeno ya Kijapani hukata inapovutwa, na kwa watoto wengi kuvuta ni kwepesi kuliko kusukuma. Keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuzungusha kwa mkono, nayo ni salama na inawafurahisha mno.

Miwani ya kinga avae, nawe uvae. Nywele ndefu zifungwe, viatu vifunike vidole. Na tafadhali, kagua mbao kabla hujampa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na baadhi ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zina aseniki. Hizo asizipige msasa kabisa. Wala usiondoke ukamwacha peke yake, hata kwa dakika moja ya kupokea simu.

Mama yangu alipoona haya yote alishtuka: "Mtamkata mtoto!" Nilimweleza kwamba Ufini waliingiza kazi za mikono katika shule za watoto tangu 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, mwasisi wa shule za msingi za huko. Hakuridhika. Alichofanya ni kuvuta kiti akae karibu aangalie, na mpaka leo ndipo anapokaa.

Kosa langu kubwa halikuhusu usalama. Binti yangu alitengeneza mashua, mlingoti umeinama, misumari mitatu imepinda. Usiku amelala, nikaing'oa ile misumari kwa koleo, nikaunyoosha mlingoti, nikapiga msasa. Asubuhi aliishika, akaigeuza, akasema, "Hii siyo yangu." Wiki tatu nzima hakugusa nyundo. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo sigusi kazi ya mtoto bila ruhusa. Nikiona tatizo nauliza tu: "Unadhani kwa nini umepinda?" Kisha nangoja, ingawa mikono inaniwasha.

Mashua iliyofuata aliipigilia misumari saba, yote upande mmoja. Tulipoiweka kwenye beseni la maji, ikalala ubavu. Nilijizuia nisiseme neno. Akaitoa, akaikausha kwa gauni lake, akaiweka kwenye viganja viwili akiipima. "Huku ni kuzito," akasema, akaenda kutafuta misumari mingine saba.