Hukumu hukazwa, oda hutimizwa: maswali ya Kirusi cha ofisini

Barua za wasomaji safari hii karibu zote zimezunguka mzizi mmoja, исполн-, yaani kutimiza au kutekeleza. Kwa Kirusi, anayetii amri, anayeimba jukwaani na anayekaimu cheo wanagawana mzizi huo bila ugomvi. Kiswahili hakikubali. Kabla hujaandika "tekeleza", jiulize kwanza nani kaagiza na nani kaagizwa.

*Natafsiri mkataba wa kufunga jenereta. Programu ya tafsiri imeniandikia "msanii atafunga mitambo ndani ya siku 30". Nicheke au nilie?* (Mfasiri, Dar es Salaam)

Cheka, kisha sahihisha. Исполнитель kwenye bango la tamasha ni msanii kweli. Kwenye mkataba wa huduma, ule wa kifungu cha 779 cha Kanuni ya Madai ya Urusi, ni mtoa huduma, na заказчик ni mteja wake. Ukikuta подрядчик, hapo kuna kitu cha kukabidhiwa mwisho wa kazi, nyumba au mtambo, basi mwite mkandarasi.

Kuna mtego mwingine, nao wengi huuruka. Vitenzi vya Kirusi huenda viwili viwili: выполнять ni kazi ikiwa inaendelea, выполнить ni kazi ikiwa imefika mwisho. Kifungu cha 702 kinamtaka mkandarasi выполнить kazi na kukabidhi matokeo yake. Ukiandika "atafanya kazi", umemfungulia mlango wa kusema alifanya, ila haikuisha. Andika "atakamilisha kazi na kuikabidhi". Na ukikuta "Исполнитель выполняет", usidhani jamaa yuko kazini sasa hivi. Mikataba ya Kirusi hutaja wajibu kwa wakati uliopo, kwetu inakuwa "atafanya" au "atapaswa kufanya".

*Tunauza chai. Mnunuzi wa St. Petersburg anamlipa wakala wetu wa hukohuko kwa ruble. Ametutumia nakala ya платёжное поручение. Tupakie kontena?* (Mfanyabiashara, Mombasa)

Subirini kidogo. Hilo ni agizo la malipo: mteja anaiagiza benki yake. Agizo si pesa. Juu ya fomu kuna nafasi mbili za tarehe. Поступ. в банк плат. ni siku agizo lilipofika benki ya mlipaji. Списано со сч. плат. ni siku pesa ilipotolewa kwenye akaunti yake. Nafasi ya pili ikiwa tupu, bado mnatazama ahadi tu. Hata ikijazwa, mwulizeni wakala kama imemfikia.

Na huyo wakala, someni mkataba wake upya. Kama ni договор поручения (kifungu cha 971 cha Kanuni ileile ya Madai), anatenda kwa jina lenu, na mnunuzi anawajibika kwenu moja kwa moja. Kama ni договор комиссии (kifungu cha 990), gharama ni zenu lakini jina ni lake, na deni la mnunuzi liko kwake. Kwa Kiswahili wote wawili tunawaita "wakala" na mambo yanaishia hapo, mpaka siku ya kudaiana.

*Binti yangu ameshinda kesi ya mishahara huko Kazan, akapewa исполнительный лист. Mfasiri kaandika "karatasi ya utendaji". Sielewi.* (Mama, Morogoro)

Mama, hata mimi nisingeelewa. Hiyo ni hati ya kukazia hukumu. Utendaji tumwachie исполнительный директор, mkurugenzi mtendaji. Hukumu peke yake inasema nani kashinda. Hati hii ndiyo inayomfuata mdaiwa mpaka kwenye akaunti yake. Mwambie binti asiifungie sandukuni, maana muda wa kuiwasilisha ni miaka 3 tangu hukumu ipate nguvu ya kisheria.

Anayeipokea ni судебный пристав-исполнитель. Wenzangu huandika "dalali wa mahakama", nami sikubaliani nao. Dalali wetu ni mtu binafsi aliyeruhusiwa kufanya kazi hiyo. Пристав ni mtumishi wa serikali. "Ofisa wa serikali wa kukaza hukumu" ni refu, lakini halidanganyi. Akishafungua jalada, humpa mdaiwa siku 5 za kulipa kwa hiari tangu apate taarifa, kisha huanza kumkamua.

Asije akaichanganya na судебный приказ. Hiyo ni amri inayotolewa na hakimu bila kuwaita wadaawa, kwa madai yasiyozidi ruble 500,000. Mdaiwa ana siku 10 tangu aipate; akileta pingamizi kwa wakati, hakimu anaifuta.

*Mwisho wa приказ ya mkurugenzi kuna "Контроль за исполнением оставляю за собой". Neno kwa neno napata "udhibiti nauacha nyuma yangu".* (Katibu muhtasi, Nairobi)

Yaani bosi ameutupa na kuondoka! Maana ni kinyume chake: "Utekelezaji wa amri hii nitausimamia mwenyewe." Barua ikianza na Во исполнение приказа, andika "Katika kutekeleza amri Na. fulani". Usiweke "kwa mujibu wa" ukaridhika; hilo ni согласно, linaonyesha kibali. Во исполнение inasema mwandishi aliamriwa na sasa anatii. Na и.о. mbele ya cheo ni kaimu, basi.

*Kwenye Kanuni za Adhabu za Urusi kuna kifungu kuhusu aliyetii amri. "Заведомо незаконный" nikiita "haramu" inatosha?* (Mwanafunzi wa sheria, Kampala)

Haitoshi. Kifungu cha 42 kinamwondolea hatia aliyetenda kwa amri inayomlazimu, na kumtwika aliyeitoa. Lakini anayetenda kosa kwa makusudi akitii amri заведомо haramu anashtakiwa. Заведомо ndiyo roho ya kifungu: alijua fika. Andika "amri ambayo alijua fika kuwa ni kinyume cha sheria". Ukiliacha neno hilo, umemfunga na yule aliyedanganywa.

*"Исп." chini ya barua, pembeni kushoto, na jina na namba ya simu. Ndiye aliyetia sahihi?* (Karani, Tanga)

Hapana, hicho ni kifupi cha исполнитель, na hapa maana yake ni aliyeiandaa. Andika "Mwandaaji". Miaka yangu ya mwanzo niliandika "Mtekelezaji", na mteja akampigia simu mtu wa watu kumdai mzigo. Kumbe ni dada wa masjala aliyechapa barua.