Likitamkwa Barazani, Hakikisha Limeandikwa

Mgogoro wa shamba ukitoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kinachosafiri ni jalada. Jaji hatamwona shangazi yako akitetemeka, wala hatasikia sauti ya mzee aliyelima naye mpaka mmoja tangu ujana wao. Atasoma mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yaliyosemwa na kufanyika barazani, na pale mwenendo ulipokaa kimya, kwake hapakusemwa kitu. Kwa hiyo haki yako ya kusikilizwa uilinde kwenye karatasi, siku hiyohiyo, mbele ya mwenyekiti.

Haki yenyewe ni nzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya Tanzania inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufani. Katika shauri la Abbas Sherally, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba uamuzi uliofikiwa bila upande mmoja kusikilizwa ni batili, hata kama huyo mtu angesikilizwa na uamuzi ukabaki uleule. Lakini ili uegemee hapo, lazima jalada lioneshe kwamba uliomba kusema na ukanyimwa. Malalamiko ya kwenye korido hayamo ndani ya jalada.

Niliyajua haya nikisimama kwa niaba ya shangazi yangu, mjane mwenye shamba mkoani Morogoro. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi inaruhusu ndugu kumwakilisha mtu mbele ya Baraza la Wilaya, na hilo watu wengi wanaokosa fedha za wakili hawaambiwi. Kama hamna ndugu anayejiamini, tafuteni msaidizi wa kisheria awaelekeze. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kabla ya wilaya mtapita kwenye Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi ya kata ni kusuluhisha tu, haina tena mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Suluhu ikishindikana, ondoka na hati inayosema hivyo, maana wilayani wataiuliza. Akija mtu na "hukumu" ya kata ya miaka hii kukutoa shambani, usifungashe.

Sasa tuje siku ya kusikilizwa, ambako ndiko watu wanakopotezea mashamba. Shangazi alipotoka kutoa ushahidi aliniuliza, "Mwanangu, si nimesema yote?" Alikuwa amesema yote kweli. Ila alisema kwa haraka, kwa uchungu, na mwenyekiti alikuwa anaandika kwa mkono. Niliangalia kalamu. Kalamu ikisimama na shahidi bado anasema, ujue yanayosemwa hayaingii. Basi unamwambia shahidi wako atulie, kisha unasimama kwa heshima: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba neno la shahidi kuhusu mwaka waliopewa shamba liingie kwenye kumbukumbu." Hakuna utovu wa nidhamu hapo. Vilevile omba ushahidi usomwe kabla ya kutia saini, na likikosekana jambo, liseme hapohapo. Mwenyekiti mzuri hatachukia, na asiye mzuri ndiye unayemhitaji zaidi aandike.

Shahidi wa upande wa pili akimaliza, muulize maswali ya dodoso, yaani ya kuupima ushahidi wake, juu ya kila jambo unalolipinga. Ukinyamaza juu ya jambo zito, rufani itakuhesabu kama uliyelikubali. Mkataba wa mauziano usiishie kuuinua juu watu wauone. Omba upokewe kama kielelezo na upewe namba. Uangalie pia kama umelipiwa ushuru wa stempu, kwa kuwa mkataba usiolipiwa unaweza kupingwa usipokewe. Lipa mapema, usingoje kukumbushwa na mpinzani.

Kutembelea eneo la mgogoro nitakueleza kwa kirefu kidogo. Baraza lilipokuja shambani, nusu ya kitongoji ilikuwa pale. Kila mtu alikuwa na kidole cha kuonesha: mpaka uko kwenye mikonge, hapana, uko kwenye kijito, marehemu alipanda mwembe ule. Watu ambao hawakuwahi kuapa barazani walikuwa wanatoa ushahidi mkali kuliko mashahidi wetu, na mwenyekiti anawasikia kwa masikio yake kama binadamu yeyote. Huo ni ushahidi usioapiwa na usioulizwa swali, nao unaweza kuamua shauri.

Mwongozo upo tangu 1980, katika shauri la Nizar Ladak: kutembelea eneo ni jambo la nadra; pande zote ziwepo, pamoja na mashahidi wanaohitajika; yanayoonekana yaandikwe; na baraza likirudi kukaa, maandishi hayo yasomwe ili kila upande useme unachokubali na unachopinga. Tulimwomba mwenyekiti mambo hayo, naye aliyafanya. Yaliposomwa, ilibainika kwamba safu ya mikonge, alama kuu ya shangazi, haikuwa imeandikwa popote. Ikaongezwa mbele yetu sote. Nikifikiria ni mashamba mangapi yamepotea kwa kukosa dakika hizo za kusomeana, naumia.

Kabla ya yote hayo, hakikisha wahusika wote wamo kwenye shauri. Unapodai ardhi iliyokwisha kuuzwa, mshtaki muuzaji pamoja na mnunuzi. Ukimwacha mmoja, unaweza kushinda leo, na kesho aliyeachwa akaibuka kudai kwamba hakusikilizwa. Atakuwa na haki, nawe utaanza upya. Haki hii inamlinda hata mtu unayeamini amekudhulumu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ukikuta shauri limesikilizwa upande mmoja bila wewe, usikimbilie kukata rufani. Rudi kwenye baraza lilelile ndani ya siku 30, uombe amri iliyotolewa bila wewe iondolewe, na ulete sababu zenye uthibitisho: samansi haikukufikia, au ulilazwa na cheti cha hospitali unacho.

Rufani kwenda Mahakama Kuu ina siku 45 tangu siku ya uamuzi. Siku hukumu inaposomwa, kabla hujapanda gari kurudi kijijini, andika barua ya kuomba nakala za hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo, na ubaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa mapokezi. Siku unazosubiri nakala zinaweza kuondolewa kwenye hesabu ya muda, na barua hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba ulizisubiri.