Tense 12 unazo kichwani lakini mgeni akifika unasema "I am go": anzia kwenye NA, ME na LI

Dada, kwa kifupi umeuliza hivi: fomu foo umemaliza, uko mapokezi kwenye gesti hapa Dodoma mjini, lile jedwali la tense 12 za Kiingereza (nyakati za kitenzi) unalitaja mpaka usingizini, ila mgeni akisimama mbele yako ulimi unakuwa mzito. Unataka kujua uanzie wapi, na will na going to zinatofautianaje. Mimi nafundisha tuisheni ya jioni Nkuhungu, wanafunzi wangu ni madereva bajaji, akina mama wa duka, na watoto wa fomu wani ambao msingi wamesoma kwa Kiswahili alafu ghafla wanakutana na baiolojia kwa Kiingereza, kwahiyo nakujibu kwa nilichoona kinawafungua hawa watu.

Lile jedwali liweke pembeni kwanza. Linapanga tense kama vile zote 12 zinatumika sawa, wakati kuna zingine unaweza kukaa hapo mapokezi mwaka mzima usizihitaji hata mara moja. Wewe wakati unaujua tayari, tangu mdogo unasema naenda, nilienda, nimeenda, nitaenda bila kukosea, na kama nyumbani mnaongea Kigogo nacho kinabandika wakati humohumo ndani ya kitenzi. Shida inakuja pale kipande kimoja cha Kiswahili kinapofanya kazi mbili ambazo Mwingereza amezitenganisha. Hapo ndipo watu wote wanaanguka, na sehemu zenyewe sio nyingi.

Ya kwanza ni NA. Ukisema "naenda sokoni" inaweza kuwa uko njiani sasahivi, inaweza kuwa ndio kawaida yako kila Jumamosi. Kiingereza hakikubali hiyo. Sasa mtu anaisikia ile na, anaona lazima aitafutie kitu cha kuiwakilisha, anachukua "am", anapata "I am go". Dawa yake, jaribu kuweka HU. Kama "huenda" inakaa vizuri basi ni kitenzi kitupu, "I go to Majengo market every Saturday". Kama kinachokaa ni "sasahivi", weka am, is au are na kitenzi chenye ing, "I am going to the market". Zabibu humea Dodoma, "Grapes grow in Dodoma", hiyo ni kweli hata leo hakuna mtu shambani. Ila ukipita Hombolo ukawakuta watu wanachuma, "They are picking grapes". Na hii itakusaidia hapo kazini: mgeni akikuuliza kwenu wapi usimjibu "I am coming from Kondoa", atajua ndio kwanza umeshuka kwenye basi. Sema "I come from Kondoa". Alafu know, want, like, understand, hizi usizitie ing, hata kama unataka sasahivi kwa nguvu zote ni "I want".

Ile s ya he, she, it unaijua, "she works, he pays", sina maneno. Iseme tu, maana watu wengi wanaiandika vizuri kwenye mtihani alafu wakiongea wanaimeza.

Sasa ME. Hapa nitakaa kidogo maana ndio inayowamaliza watu. Shuleni tuliambiwa me ni have, "nimelipa" ni "I have paid", "amefika" ni "he has arrived". Sawa kabisa. Mtu anatoka hapo na imani hiyo moja, anasema "I have tired" akitaka kusema nimechoka. Angalia me zetu zilivyo: nimechoka, nimeshiba, nimepotea, ameolewa, amevaa, amekaa, amelala. Hapo husimulii kitendo, unasema mtu yuko katika hali gani. Kiingereza hali kinaisema kwa am, is, are. I am tired, I am full, I am lost, she is married, he is asleep. Amevaa na amekaa zinachukua ing, "she is wearing a red dress", "he is sitting outside". Kwahiyo kabla hujafungua mdomo jiulize, naelezea amefanya nini au yuko vipi? Amefanya nini ni have au has. Yuko vipi ni am, is, are. Mgeni akiuliza mwenzake yuko wapi na mwenzake amelala, ukimwambia "he has slept" atashangaa, mwambie "he is sleeping" yaishe.

Bado me hiyohiyo ina mtego mwingine. Mtaani tunasema "nimemuona jana", hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza have ikikutana na muda ulioisha zinagombana, "I have seen him yesterday" haipo. Ukitaja jana, juzi, asubuhi iliyopita, mwaka fulani, rudi kwenye umbo la pili la kitenzi (see, saw), "I saw him yesterday". Chukua mji wetu huu: "In 1973 Tanzania chose Dodoma as the new capital", "Dodoma became a city in 2018", miaka imetajwa kwahiyo chose na became. Usipotaja mwaka, unachoangalia ni matokeo yaliyopo leo, "The government has moved to Dodoma", "The town has grown". Na "nimezaliwa Kondoa" wengi wanaigeuza "I am born" au "I have born", zote hapana, ni "I was born in Kondoa", imeshapita hiyo na haitarudi.

Kinyume chake kuna tangu. Sisi tunasema "nakaa hapa tangu 2019", ile NA ya sasa kabisa. Wao wanataka have: "I have lived here since 2019". Mgeni kaamka saa moja anasubiri chai, wewe ukisema "he is here since seven" umekosea, ni "he has been here since seven". Umeona na saa, yetu ya moja kwao ni seven, hiyo nayo ukichanganya mgeni ataachwa na basi pale Nanenane alafu lawama zote kwako.

LI haina ubishi, nililipa ni "I paid". Kinachosumbua ni KA. Tunavyopiga stori, nilienda nikanunua nikarudi, ile ka inafuata mkumbo wa li ya mwanzo, basi watu wanasema "I went to the shop and buy and come back". Kwao kila kitenzi kinavaa cha kwake: went, bought, came back. Isipokuwa ukiweka did. Did ikishakuwepo imebeba wakati wote yenyewe, kitenzi kinabaki kitupu, "Did you pay?", "I didn't see him". Did you paid naisikia kila siku mpaka kwa watu wenye digrii zao. Na worked usiseme "wokedi", mwishoni inasikika t tu, kama "wekt". Ni zile zinazoishia na t au d kama wanted na needed ndio utasikia "id".

Zile zinazotisha kama past perfect kumbe unazo. "Nilipofika alikuwa ameondoka", ile "alikuwa ame" ndio had: "When I arrived he had left". "Alikuwa anapika" ni "she was cooking". Sijala ni "I haven't eaten yet". Future perfect continuous achana nayo, mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho kuitumia nje ya ubao.

Will na going to. Mgeni anakuja analalamika maji hayatoki, wewe papo hapo unaamua, "I will call the plumber". Kama ulishapanga kabla hajaja, "I am going to call the plumber". Ukiona dalili kwa macho ni going to, mawingu yametanda upande wa Mtumba, "It is going to rain", japo kwa Dodoma yetu mawingu nayo ni waongo. Na kitu cha ratiba hakihitaji hata moja ya hizo, mgeni anayesafiri kesho akiuliza treni ya SGR mjibu "The train leaves tomorrow morning".