Jibu: Dubwana la mpira la filamu yangu halitishi, ninunue madoido ya kompyuta?

Mkuu, usinunue bado. Dubwana lako linachekesha badala ya kutisha kwa sababu umelianika lote mbele ya kamera.

Tazama filamu ya Alien ya 1979. Ndani ya vazi la kiumbe wake alikuwa Mnigeria Bolaji Badejo, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, na kiumbe kizima hakionekani hata dakika 10 katika filamu ya karibu saa 2. Tunaona taya, mkia, mate yanayodondoka. Kingesimama wazi kwenye mwanga, tungeona mtu aliyevaa nguo.

Kwa hiyo zima taa ya mbele. Inaua vivuli na kufichua mishono. Weka taa moja nyuma ya dubwana, pembeni kidogo, moshi mwepesi mbele yake, na ukate kila picha ya dubwana kabla ya sekunde 2. Paka glisirini pia, maana mpira mkavu hufanana na mwanasesere.

Sauti ndiyo wengi wanaipuuza, na inaniuma sana! Kila eneo, rekodi ukimya wa chumba kwa dakika 1 nzima, watu wote wametulia, kisha uutandaze chini ya mazungumzo. Bila huo, kila mkato wa uhariri unasikika. Sekunde chache kabla ya shambulio, ondoa mvumo wote: mtazamaji atakaza mwili bila kujua kwa nini.

Ukiishia kwenye kompyuta, linganisha weusi wa dubwana la kompyuta na weusi wa picha uliyopiga. Hapo ndipo kazi nyingi hufeli.