Mchezo wa kumbukumbu kwenye kivinjari: kadi isihame mahali pake

Ukitaka kuwatengenezea watoto mchezo wa kulinganisha picha, ule wa kufunua kadi mbili mbili hadi jozi zote zipatikane, usianze na rangi wala muziki. Mtoto hakumbuki picha peke yake. Anakumbuka picha na mahali ilipo: kiboko yuko juu pembeni, mtumbwi uko chini yake. Chochote kinachosogeza kadi katikati ya mchezo kinamnyang'anya alichojitahidi kukiweka akilini.

Michezo mingi huharibikia hapo. Jozi ikipatikana, mtengenezaji anaiondoa kwa `display: none`, na kivinjari kinazisogeza kadi zilizobaki ili kuziba pengo. Tumia `visibility: hidden`, inayoificha kadi lakini ikaacha nafasi yake, au ziache kadi hizo wazi zikiwa zimefifia, sisi tunapendelea kuziacha, maana mtoto hufurahi kuziona alizopata. Hatari ya pili ni simu kugeuzwa. Ukiruhusu kivinjari kiamue idadi ya safu wima, kadi nne kwa nne zinageuka sita kwa tatu zenye salio. Funga safu wima ziwe 4 daima kwa `grid-template-columns: repeat(4, 1fr)`, na upana wa ubao uwe `96vmin`, yaani asilimia 96 ya upande mfupi wa skrini.

Kwa simu ya kawaida yenye upana wa vipimo 360 vya CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa), mapengo ya 8 kati ya kadi yanaiachia kila kadi kama 80, na inakitosha kidole cha mtoto bila kugusa jirani. Skrini kali huchora pikseli 3 kwa kila kipimo, kwa hiyo picha ya pikseli 240 kwa 240 inatosha kabisa. Katika muundo wa WebP, picha ya namna hiyo haina haja ya kuzidi KB 15. Picha nane ni KB 120. Ukipakia picha nane kama zilivyotoka kwenye kamera, MB 3 kila moja, ni MB 24 za bando la mzazi.

Picha zenyewe zichaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Chukua vitu ambavyo mtoto wa Kisumu au Kakamega anavijua kwa jina kabla hajaviona kwenye skrini: kiboko, mtumbwi, bodaboda, sufuria, jogoo, mkungu wa ndizi, ngoma ya isukuti. Wa Nakuru aongezewe flamingo. Piga picha ya kitu kimoja tu, kijae fremu, juu ya karatasi nyeupe inapowezekana. Mbuta na ngege wakipigwa wamelala ubavu kwenye sinia moja, kwa mtoto wa miaka minne ni samaki yule yule. Ataamini amepata jozi, kisha kadi zinajifunga bila yeye kuelewa kwa nini. Kiwango cha kwanza kiwe na samaki mmoja. Mbuta, ngege na omena pamoja ni mtihani mzuri kwa mwenye miaka saba.

Mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) aanze na jozi 3, akizoea apewe 6. Jozi 8 zifuate baadaye.

Kuchanga kadi kuna mtego. Njia ya mkato ya kupanga orodha kwa `sort` na namba ya bahati haitoi nafasi sawa kwa kila mpangilio. Kadi huelekea kubaki karibu na zilipoanza, na kama orodha imeandikwa jozi kwa jozi, pacha watakuwa majirani mara nyingi mno. Watoto huligundua hilo upesi. Tumia njia ya Fisher na Yates, iliyochapishwa 1938, katika umbo lake la kompyuta: anza na kadi ya mwisho kati ya 16, namba 15 kwa kuwa hesabu inaanzia 0, chagua moja kwa bahati kati ya 0 na 15, zibadilishane nafasi, nenda ya 14, chagua kati ya 0 na 14, endelea hadi ya 1. Ukichagua kati ya 0 na 15 kila hatua, upendeleo unarudi.

Halafu vidole. Mtoto hugonga kadi ileile mara mbili, na msimbo usiokagua hilo unailinganisha kadi na yenyewe na kumpa jozi ya bure. Hugusa ya tatu wakati mbili bado ziko wazi, na moja inabaki wazi milele. Weka kufuli: kadi ya pili ikifunuka, miguso yote ipuuzwe hadi zijifunge. Akibonyeza kwa muda mrefu, menyu ya kuhifadhi picha inaruka. `Pointer-events: none` kwenye picha, huku mguso ukipokelewa na kitufe kinachoibeba, kwa kawaida huizuia.

Jozi isiyolingana ibaki wazi milisekunde 1500 hadi 2000. Sekunde moja, inayotosha mtu mzima, ni fupi kwa mdogo. Saa na alama tunazikataa kwa walio chini ya miaka sita. Kwa jozi 8, hata mchezaji asiyesahau chochote huhitaji wastani wa zamu zaidi ya 12, kwa hiyo mtoto aliyetumia 25 hajafanya vibaya hata kidogo.

Pakia picha zote kabla kitufe cha Anza hakijatokea, la sivyo kadi ya kwanza itafunuka tupu. Mguso wa kitufe hicho pia ndio unaokiruhusu kivinjari kutoa sauti. Kisha zima data na ucheze hadi mwisho. Pasipo na mtandao wa kutegemewa, weka kila kitu ndani ya faili moja ya HTML, picha zikigeuzwa kuwa maandishi ya base64: KB 120 zinakuwa kama 160, na faili hiyo inahamishwa kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu. Ukibadilisha picha, badilisha na jina la faili, ili walimu wajue toleo lipi liko kwenye simu gani.