Kumuenzi kocha wa mieleka wa sekondari: anzeni na watu aliowahudumia

Ndugu mleta mada, umesema ninyi mliosoma sekondari moja hapa Dar mnataka kumuenzi kocha wenu wa mieleka kwa jinsi alivyojitolea mtaani, na kwamba mmegawanyika. Wapo wanaotaka ngao na suti, wapo wanaotaka ukumbi na mgeni rasmi, na wapo wanaosema apewe fedha taslimu mambo yaishe. Wachangiaji walionitangulia wengi wamekwambia ngao inatosha. Mimi nasema haitoshi, tena ngao ndiyo kitu cha mwisho cha kufikiria. Sisi tulishamuenzi mwalimu wetu aliyetufundisha mieleka, nami nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo nakupa yale niliyoyashika kwa mikono.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, upande wa Ilala, karibu na bonde la Msimbazi. Mwalimu alifundisha Jiografia. Mieleka aliianzisha mwenyewe, jioni baada ya vipindi, bila posho na bila kuagizwa na mtu. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tuliyoijua sisi ilikuwa ya mpira wa miguu, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha. Mieleka haikuwemo, hivyo hapakuwa na kombe la kuleta ofisini kwa mkuu wa shule wala picha ya kubandika ukutani. Mkeka halali wa mashindano ni mita 12 kwa 12, na duara la kuchezea lina kipenyo cha mita 9. Wa kwetu ulikuwa viroba vilivyojazwa maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala wa Keko, vikapangwa chini na kufunikwa turubai. Kila mvua ikinyesha tulianika maranda upya. Mafundi wale hawakuwahi kumtoza hata senti, na sababu yake niliijua baadaye sana, nitaifikia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwa wazazi. Ukisema mieleka hapa mjini, mzazi anafikiria wale wa kwenye luninga wanaopigana viti. Mwalimu aliwaita waje waone. Akawaonyesha kwamba hakuna ngumi wala teke, kwamba pambano ni vipindi viwili vya dakika tatu tatu, na kwamba ushindi mkubwa ni kumbana mwenzako mabega yote mawili chini. Kwa wasichana ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa akiwaambia akina baba kwamba wanawake wanacheza mieleka ya Olimpiki tangu Athens 2004, na miaka ya karibuni akaongeza habari ya Blessing Oborududu wa Nigeria aliyechukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kabla ya kila zoezi alitukagua ngozi mmoja mmoja, maana choa na mapunye huenea haraka pale watu wanapogusana kwa jasho. Ukikutwa nayo unakaa pembeni na unapelekwa zahanati, hukashifiwi. Na alipiga marufuku kabisa kujinyima maji ili kupunguza uzito. Haya nayataja kwa sababu hata huku ndani ya mchezo, alichokuwa anakilinda ni mtoto wa mtu, matokeo yalikuja nyuma.

Sasa nje ya mchezo. Kila aliyesoma kutwa Dar anajua shida ya denti kupanda daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, konda anapiga hesabu ya siti, anaona bora apakie watu wazima, mlango unafungwa usoni kwako. Wasichana wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wanabaki kituoni hadi giza linaingia. Mwalimu akaanza kusimama kituoni jioni, sisi wa mieleka tukiwa naye, tumevaa sare. Hatukumgusa mtu. Tulipanga foleni, wadogo mbele, na yeye akaongea na makonda kwa majina yao. Baada ya muda makonda wenyewe wakawa wanauliza, "Mwalimu, leo una wangapi wa Gongo la Mboto?" Jambo hili halikuandikwa popote. Hakuna aliyelipiga picha. Lakini ukiniuliza mimi, wasichana waliomaliza kidato cha nne badala ya kuacha shule kwa sababu ya njia walimaliza kwa kituo kile.

Halafu mafuriko ya Desemba 2011. Wenyeji wa Jangwani na bonde zima hawahitaji kukumbushwa. Shule zilikuwa zimefungwa, Mwalimu akatupigia simu mmoja mmoja. Sheria aliyotupa ni kwamba hakuna kuingia kwenye maji yanayokwenda kasi, atakayevunja anarudi nyumbani. Kazi yetu ilikuwa kwenye vichochoro ambako maji yalikuwa yametulia, kuwatoa wazee na wagonjwa. Kwenye mieleka kuna mbinu ya kuingia chini ya kwapa la mpinzani, kupitisha mkono katikati ya miguu yake na kumpandisha mabegani kwa wakati mmoja. Tulikuwa tumeifanya jioni nyingi kwenye maranda bila kuwaza itatumika wapi. Siku ile ndiyo iliyotuwezesha kumbeba mama mtu mzima kutoka uani hadi barabarani bila kumtesa. Baadaye tulipeleka maji na nguo kwa familia zilizohifadhiwa madarasani, na baadhi ya familia hizo serikali iliwahamishia Mabwepande. Mwalimu aliendelea kwenda kule kuwatembelea watoto aliowafundisha, na kutoka Ilala hadi Mabwepande si jirani.

Kwa hiyo mlivyouliza muanzie wapi, jibu langu ni hili: kabla hamjachanga shilingi, nendeni kwa watu. Kamati yetu iligawana mitaa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, zahanati, kituo cha daladala, kwa mafundi wa Keko, kwa mama lishe aliyekuwa nje ya geti. Tukauliza kitu kimoja tu: huyu mtu alikufanyia nini? Tukaandika kwenye daftari, jina na maelezo, na tukaomba ruhusa ya kuyasoma hadharani. Hapo ndipo tulipojua tusiyoyajua. Fundi mmoja wa Keko alikuwa na mdogo wake aliyekuwa anarudishwa nyumbani kwa ada. Kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kwa familia nyingi hiyo ilikuwa fedha nyingi. Mwalimu alikuwa amemlipia hadi alipomaliza, hakumwambia mtu. Ndiyo maana ya yale maranda ya bure. Mama lishe akatueleza kwamba kuna watoto waliokuwa wanakula kwake mchana na bili inakwenda kwa Mwalimu mwisho wa mwezi. Tulimaliza shule tukidhani tunamjua.

Daftari hilo lilibadilisha kila kitu. Wale waliokuwa wanabishana suti au ukumbi walinyamaza wenyewe.

Jambo la pili, msimfanyie kwa kumshtukiza. Najua inapendeza kwenye video, ila mtu aliyetoa kimya kimya huweza kuona anadhalilishwa. Sisi tulianza na mkewe, tukakaa naye nyumbani tukamweleza, yeye akaongea na mzee. Jibu lilipokuja lilikuwa wazi: hataki suti, hataki kukodishiwa gari la maharusi. Alitaka vijana wa sasa wapate mkeka wa kweli, na mtu wa kuwafundisha yeye atakapochoka. Basi zawadi ya kwanza ikajipanga. Tulinunua mikeka ya sponji ya kuunganisha, tukapata vijana wetu wawili waliokubali kushika zamu za jioni.

Ila hapa nina msimamo, na baadhi ya wenzangu walinipinga. Msimpe mtu zawadi ya kazi peke yake. Mwalimu aliyestaafu ana nyumba yake, ana mwili unaochoka, ana mke aliyevumilia jioni zote zile na mshahara uliokuwa unagawiwa watoto wa watu. Tulijua nyumba yake ya Chanika ilikuwa imesimama kwenye linta. Tukaimalizia kuezeka. Hilo halikutangazwa jukwaani, alikabidhiwa kwake na familia yake. Likitangazwa linakuwa sifa yetu sisi.

Fedha zenyewe: fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja awe mwanamke na mmoja awe wa darasa tofauti na lenu. Kila mchango utajwe kwenye kundi siku unapoingia, hata wa shilingi elfu moja, na kila risiti ipigwe picha. Michango ya mtandao wa simu ipokelewe kwa namba moja tu na ihamishiwe benki kila wiki. Kundi likianza kunong'ona kuhusu fedha, jina linalochafuka ni la kocha.

Kuhusu ofisi. Barua ya kwanza inakwenda kwa mkuu wa shule, nakala kwa afisa michezo wa manispaa na kwa mtendaji wa kata. Mtaulizwa, kama tulivyoulizwa sisi, "Huyu ametoa medali gani?" Msikasirike, jibuni. Nchi hii inamheshimu Filbert Bayi kwa dhahabu ya mbio za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, inamheshimu Alphonce Simbu kwa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025, na ni haki yao kabisa. Lakini mwalimu wa sekondari anayekaa na watoto baada ya kengele ya mwisho anafanya kazi nyingine, na kazi hiyo ina mashahidi. Wawekeeni mezani daftari la ushuhuda. Afisa aliyetuuliza swali lile alisoma kurasa chache tu, akauliza siku ya shughuli ni lini ili naye aje.

Kama mnataka mazoezi yaendelee nje ya geti la shule, isajilini klabu. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967, na usajili unapitia kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Afisa michezo wenu atawaongoza kwenye fomu na katiba ya klabu. Klabu isiyosajiliwa inakufa siku mkuu wa shule anapohamishwa, kwa sababu mpya anakuta watu asiowajua uwanjani kwake.

Siku ya shughuli msiiweke masika, kati ya Machi na Mei, kama mnatumia uwanja wa wazi. Msiiweke Novemba, kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Sisi tulichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi, kwa makusudi. Asubuhi tukasafisha mfereji ulio nyuma ya shule pamoja na wakazi, Mwalimu akiwa na koleo lake, kisha mchana ndiyo sherehe. Tuliwaomba pia watu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kuchangia damu, waweke meza, kwa sababu Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwakusanya waliomaliza shule wakachangie. Hapo zingatieni masharti: mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Wanafunzi wengi wenu hawajafika umri, wapeni kazi ya kupokea wageni.

Mgeni rasmi nasema wazi: msimtafute mkubwa ambaye ratiba yake itawakalisha watoto juani hadi saa kumi. Sisi kiti cha mbele alikaa yule mama tuliyembeba mwaka 2011, pamoja na konda mmoja ambaye siku hizi ana daladala yake. Viongozi walialikwa, wakaja, wakakaa nao. Hotuba tulizikata fupi, tukasoma daftari. Kila aliyetajwa alisimama. Wasichana wakaonyesha mapambano mawili kwenye mikeka mipya, na Mwalimu akashindwa kujizuia, akaanza kuwakosoa mikao ya miguu kutoka kwenye kiti chake.

Ngao, kama mtaifanya, basi maneno yake yawe ya kweli. "Kwa mchango wako mkubwa" yanaweza kuandikwa kwa mtu yeyote. Ya kwetu iliandikwa kwamba alisimama kituoni ili watoto wafike nyumbani, alitoa watu kwenye maji Desemba 2011, na alifundisha mieleka bila malipo. Fundi alilalamika maneno ni mengi, tukamwongezea fedha akaandika yote.

Barua tuliyomwandikia mkuu wa shule na katiba ya klabu bado ninazo. Nitumie ujumbe binafsi nikupe, mbadilishe majina. Na kama kocha wenu bado anafundisha, msisubiri astaafu. Anzeni na daftari wiki hii, wengi wa mashahidi wake ni wazee.