Shangazi wa Mwaloni: Nimeacha dagaa, lakini saa nane usiku niko macho

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Buswelu, nina mke na mtoto mmoja. Nimevua dagaa Igombe tangu nilipomaliza darasa la saba. Mwaka jana nikaacha, sasa nauza spea za pikipiki Buzuruga. Biashara si mbaya, silalamiki. Shida ni usiku. Ikifika saa nane nakuwa macho, nasikiliza tu. Mtumbwini tulikuwa wanne, na saa hiyo ndiyo tunazungushia taa wavu, nahodha anafoka, mwenzetu mmoja anaimba kwaya kwa sauti mbovu kabisa. Nikiwapigia simu ni "vipi mzee, salama, na nyumbani," halafu maneno yanaisha. Siku hizi wananiita tajiri. Mke wangu anasema kama nawawaza hivyo nirudi nikauoe mtumbwi. Je, nirudi?
– Mvuvi Mstaafu, Buswelu

Marahaba, baba. Wewe ukijiita mstaafu, mimi niitweje?

Usirudi. Angalau usirudi kwa sababu hiyo. Nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona mahali umekumbuka kuvuta wavu upepo ukiwa umegeuka, wala asubuhi ile mafuta na chakula vinakatwa kwenye mgao mpaka unachobakiza kinanunua sukari. Umemkumbuka anayefoka na anayeimba. Sasa hao hawajafa, wako Igombe, nauli yake unaiweza.

Nakuuliza, unawapigia saa ngapi? Naweka dau ni mchana, dukani, mteja akiwa hajaingia. Kipindi cha giza mchana wenzako wamelala hoi, au wanabishana na akina mama wa kuanika kuhusu bei ya ndoo. Utapata maneno gani hapo? Wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa ufukweni. Tangu uhamie Buzuruga umeanza kuhesabu Jumatatu na Jumanne kama sisi. Hesabu mwezi tena. Nenda wiki ya mbalamwezi, nyavu zikiwa zimetandazwa mchangani zinashonwa.

Na usiende na kreti za soda kama mgombea udiwani. Kaa chini, omba sindano na uzi, tafuta tundu, shona. Wanaume wengi ninaowajua hawawezi kuzungumza wakitazamana. Wape kitu cha mikononi, watakueleza hadi siri za wakwe zao.

Hili nalisema kwa sababu nimeliona. Nilifanya kazi kiwanda cha minofu hapa Mwanza, mabuti meupe, kofia nyeupe, baridi mpaka kwenye viwiko, tumepangana mezani mkono kwa mkono. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Kazi ikapungua, wengi tukarudishwa nyumbani. Tuliahidiana kutembeleana. Kutembeleana kulikufa mapema: huyu Igoma, yule Nyegezi, na ukishafika mnakaa sebuleni mnatazama mapazia. Kilichodumu ni mchezo wa kupeana fedha, kwa sababu siku ya mchezo lazima uje, usipokuja unafuatwa. Tunakutana uani kwa anayepokea, tunakaanga mapanki. (Ndiyo, minofu ilikwenda Ulaya, mifupa tukabaki nayo, na mchuzi wake hauna mpinzani.) Akipatikana sangara mzima, yuko mwenzetu mmoja hatuachii kisu. Anakiingiza nyuma ya pezi, anakilaza juu ya mfupa, anakwenda nacho mpaka mkiani bila kunyanyua mkono, huku anatusimulia habari za jirani yake. Mnofu unatoka mzima. Wajukuu wanaacha mpira kuja kutazama.

Kwa hiyo nawe tafuta jambo litakalowalazimisha muonane. Unalo tayari. Pikipiki zinazobeba dagaa kutoka Igombe hadi Mwaloni Kirumba zinakula cheni na breki kila siku. Peleka spea huko wiki ya mbalamwezi, uwauzie bei ya mwenzao, uonane nao ukiwa na kazi ya kufanya. Hilo la kukuita tajiri litaisha siku wakikuona mikono imejaa grisi. Ila usiwakopeshe! Wakitaka cheni walipe cheni. Nimeona watu waliookoana majini wanakwepana sokoni kwa sababu ya elfu thelathini.

Kuhusu kuamka, mwili uliokesha miaka yote hiyo haubadiliki kwa amri. Usilale mchana dukani, na acha chai ya saa mbili usiku. Mke wako usimkasirikie. Wewe unaamka unasikiliza, yeye yuko pembeni anadhani unapanga kuondoka. Mwamshe umsimulie habari za huyo mwimbaji. Na siku ya kwanza ukienda Igombe, nenda naye. Maneno yake ya kuuoa mtumbwi yatapungua akishaona sura za hao anaowaonea wivu.

*

Shangazi, nilikuwa nauza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo. Sasa kuna daraja, magari yanapita tu. Nimehamia Usagara, riziki ipo, lakini wenzangu niliokuwa nashindana nao kukimbilia madirisha ya mabasi wametawanyika, na namba nyingi nilizokuwa nazo hazipatikani. Nawakumbuka mpaka ugomvi wao. Nitawapataje?
– Mama Karanga

Mama Karanga, daraja lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na sidhani hata wewe ungetaka foleni irudi, kwa jinsi wagonjwa walivyokuwa wanasubiri kivuko. Lakini naelewa. Foleni ile ilikuwa sokoni kwenu, barazani kwenu na kwenye kikoba chenu kwa pamoja, na hakuna aliyewauliza mtakutania wapi.

Namba za simu ziache, watu hubadilisha laini. Waulize makondakta. Mchuuzi wa dirishani hawezi kukaa mbali na basi, na konda wa Geita au wa Bukoba anazijua sura za wote waliowahi kumgongea kioo, anajua nani yuko stendi ya Sengerema na nani amekwenda Geita mjini. Anza na yule mliyekuwa mkigombana naye sana, maana huyo ndiye atakayekuwa amekuulizia. Mpe konda namba yako mpya kwenye kikaratasi, pamoja na pakiti ya karanga ya bure. Ya pili alipe.